Skani ya PET Nairobi kwa Mgonjwa wa Mombasa: Huduma Nzuri, Ripoti Pungufu

Mama mkubwa anatibiwa limfoma ya Hodgkin, aina ya saratani ya tezi za limfu, na daktari wake hapa Mombasa alitaka afanyiwe skani ya PET kabla ya kuanza kemotherapi na nyingine baada ya awamu mbili, ili aamue kama dawa ziendelee vilevile au zibadilishwe. Tulimpeleka katika hospitali moja ya Nairobi, ambayo sitaitaja kwa kuwa nina la kuilaumu, na maoni haya nawaandikia hasa wanaojiandaa kufunga safari hiyo kutoka Pwani.

Skani ya CT huonyesha ukubwa na umbo la uvimbe. PET huonyesha jinsi uvimbe huo unavyotumia sukari. Mgonjwa hudungwa FDG, yaani glukosi iliyobebeshwa florini-18, na seli nyingi za saratani, ambazo zina pupa ya sukari, huivuta ndani lakini hushindwa kuivunja hadi mwisho, kwa hiyo inabaki humo ikitoa mionzi ambayo mashine huisoma. Nguvu ya florini hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 110 hivi, ndiyo sababu dawa hii haiwekwi akiba na mgonjwa hana budi kufika kwa wakati.

Kwa maandalizi, nawapa alama za juu. Mama mkubwa ana kisukari, na muuguzi alimpima sukari kwa kumtoboa kidole kabla ya jambo lolote, akatueleza kwamba ikizidi milimoli 11 kwa lita skani huahirishwa, maana sukari iliyomo kwenye damu hushindana na FDG kuingia katika seli, na kwamba insulini ikidungwa muda mfupi kabla huielekeza dawa kwenye misuli. Kisha akamlaza, akamfunika blanketi nzito na kumwomba asitembee. Blanketi hiyo haikuwa ya starehe tu. Shingoni na juu ya mabega kuna mafuta ya kahawia ambayo huchoma sukari ili kuupasha mwili joto tunapohisi baridi, nayo hung'aa katika picha, pengine palepale penye tezi zinazochunguzwa. Mtu aliyezoea joto la Mombasa, akishuka Nairobi mwezi wa Julai na leso peke yake mabegani, anaweza kupata picha ya kutatanisha. Kwa hiyo mvisheni sweta tangu kwenye treni, msingoje kufika hospitali.

Ripoti ndiyo iliyonikera. Ilitaja SUV ya tezi ya shingo, namba inayopatikana kwa kulinganisha mionzi iliyokusanyika kwenye uvimbe na kipimo cha dawa kilichodungwa kwa kila kilo ya mwili, na ikasema imeshuka tangu skani ya kwanza. Haikutaja sukari ya damu ya siku hiyo, wala muda uliopita kati ya sindano na picha, ilhali mara ya pili tulingojeshwa zaidi ya ile saa moja ya kawaida. Mambo hayo yakibadilika, SUV nayo hubadilika hata kama uvimbe uko vilevile, na mgonjwa anayesubiri kujua kama dawa inamsaidia hastahili kupewa namba isiyo na maelezo yake.

Daktari wetu alilazimika kupiga simu kuyaulizia, kisha akafungua picha zenyewe pamoja na mtaalamu wa mionzi. Walitumia kipimo cha Deauville, chenye alama 1 hadi 5, ambacho hulinganisha mwangaza wa tezi na ule wa ini la mgonjwa huyohuyo katika picha hiyohiyo. Tezi ilikuwa hafifu kuliko ini, alama 3, ambayo katika hatua hii kwa kawaida huhesabiwa kuwa mwitikio mzuri. Alama hiyo ilipaswa kuandikwa na hospitali.

Hata hivyo tutarudi palepale kwa skani ya mwisho, wiki kadhaa baada ya dawa kumalizika, kwa sababu uvimbe-joto unaoachwa na matibabu, ambao si saratani, nao huvuta sukari, kama kifua kikuu kinavyofanya. Nanyi mkienda, ombeni kabla ya kuondoka muandikiwe uzito, sukari ya damu, kipimo cha dawa, saa ya sindano na saa ya picha, mpewe pia picha zote kwenye sidii, na skani inayofuata ifanywe kwa mashine ileile.