Tathmini ya huduma ya ushauri kwa wauzaji wa mitambo ya maji na taka katika nchi za nje
Kampuni yetu hutengeneza pampu na dira (mita) za maji, na tulipotaka kuingia katika soko la ugenini tulitumia huduma hii, ambayo kwa jumla imeniridhisha. Ubora wake uko katika usomaji wa nyaraka za zabuni: mshauri alizipitia pamoja nasi ukurasa kwa ukurasa, akatuonyesha kwamba mkataba wa Kitabu cha Njano wa FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri), toleo la 2017, humbebesha mkandarasi jukumu la usanifu, gharama ambayo bei yetu ya awali haikuwa nayo hata kidogo. Alisisitiza pia tuambatishe vyeti vya upimaji wa dira kwa mujibu wa ISO 4064, kiwango cha kimataifa cha dira za maji. Upande wa taka ngumu ulinisikitisha, kwani ripoti ilisifu tanuri za kuchomea bila kutaja unyevu, ilhali taka zenye mabaki mengi ya chakula haziungui vizuri na hufaa zaidi kwa mboji au bayogesi (gesi itokanayo na kuoza kwa taka). Kuhusu vipuri, tulipewa aya moja tu, wakati fundi wa mteja atahitaji sili ya pampu (kipande kinachozuia uvujaji) muda mrefu baada ya sisi kuondoka.