TAHADHARI wenye magari ya zamani Mwanza: nimeuziwa altaneta (ile mashine inayochaji betri) yangu mwenyewe kwa 380,000

Nimesita wiki nzima kuandika hili kwa sababu najua mtanicheka. Chekeni. Mkimaliza kucheka sambazeni, maana huyu fundi yupo mtaani hapahapa Mwanza, anakula na kushiba, na kesho atampata mwingine.

Gari mnalijua, ile Land Rover ya marehemu mzee wangu, toleo la Series III, ile ndefu ya 109, ya petroli, ambayo shemeji alitaka tuiuze chuma chakavu hata arobaini haijafika. Sirudi kwenye hilo. Safari ya Sengerema ilikuwa ya posa, na mnajua kwa nini ilikuwa lazima twende na gari hilo na si Noah ya kukodi. Kwa hiyo naanzia Alhamisi.

Taa nyekundu ya chaji kwenye dashibodi ilikuwa inawaka kwa mbali. Ilikuwa kama kaa lililofunikwa majivu, mchana huioni mpaka uikinge jua kwa kiganja. Ukiwasha taa kubwa za mbele inakolea, ukizizima inafifia. Betri nzima, stata inapiga mara moja gari linawaka. Mwenye akili zake angetafuta mita akapima, basi. Mimi nikasema nabeba wazee, nisije kuaibika njiani. Nikaifuata aibu kwa miguu yangu.

Jina la fundi silitaji wala anapokaa sitaji, kesi nimefungua na nimeambiwa nisiropoke. Nilielekezwa na kijana wa bodaboda. Nafika tu, ananisalimia, "Mwangaluka!" Kisukuma kimenyooka. Akalizunguka gari mara mbili taratibu, akalipiga bodi kofi dogo kama mtu anayemsalimia ng'ombe wake, akasema, "Gari hili nalijua. Si la yule mzee aliyekuwa anabeba pamba?"

Nilisisimka mwili mzima. Mzee kweli alibeba pamba. Sasa hivi ndiyo najiuliza: ni mzee gani wa Usukumani aliyekuwa na Land Rover miaka ile akawa hakubeba pamba?

Lakini msinione mjinga moja kwa moja. Ndani alikuwa na maboksi ya kijani yameandikwa Lucas, wale Waingereza wa vifaa vya umeme wa magari, yamepangwa mpaka juu. Ana ovaroli safi. Ana picha kwenye simu kaegemea Land Rover kwenye lile tamasha la Land Rover la Arusha la Oktoba 2024, bendera huku na huku. Tangu tamasha lile kila mwenye spana anajiita fundi wa Land Rover, hilo nililijua, ila huyu alitaja mpaka kwamba altaneta ya gari langu ni ya aina ya 16ACR kabla hajafungua boneti. Nani asingemwamini? Hata yule shemeji wa chuma chakavu angemwamini.

Akafungua boneti, akaniambia niwashe gari. Akatoa ile testa ya globu, yenye sindano upande mmoja na kibanio chenye meno upande wa pili. Akabana kibanio kwenye ukingo wa bodi, pale juu ya tairi la kushoto, nakumbuka vizuri kwa sababu alitumia kidole gumba kukisukuma kikae. Sindano akaichomeka nyuma ya altaneta. Globu kimya. Akachomeka tena, kimya. Akanigeukia bila kusema kitu, akatikisa kichwa kama daktari anayetoka wodini. Halafu akanishika mkono akauweka juu ya altaneta. "Sikia lilivyo la moto. Daiodi zimepasuka humu. Leo inawaka kidogo, kesho inakuunguzia waya zote na wazee wako ndani." (Daiodi ni vipande vidogo ndani ya altaneta vinavyoruhusu umeme uende upande mmoja tu.)

Ukingo ule wa bodi una rangi, ndugu zangu. Rangi ya mzee mwenyewe, alipiga kwa brashi, mikono mitatu. Kibanio kilikuwa kimeng'ata rangi, hakijagusa bodi yenyewe, umeme hauna pa kurudia, basi hata ungechomeka sindano kwenye nguzo ya TANESCO globu isingewaka. Na altaneta ya gari lililotoka kutembea ni ya moto siku zote, hata ikiwa nzima! Vyote viwili nimevijua Jumapili. Alhamisi nilikuwa natetemeka.

Akasema mpya kutoka Uingereza ni 450,000. Nikalia bei. Akakuna kichwa, akasema kwa heshima ya mzee aliyekuwa anabeba pamba, nimwachie ile mbovu atoe spea, anipe kwa 380,000. Nikashukuru. Nilimshukuru, mnasikia? Nikatuma kwa simu, likatokea jina la mwanamke nisiyemjua, akasema ni la mkewe, laini yake imejaa kiwango cha siku. Nikabonyeza namba ya siri.

"Sasa mkubwa kapate chakula, mama ntilie pale ana sato mzuri, kazi hii ni ya saa nzima." Nikaenda. Sato kweli alikuwa mzuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilikula taratibu, nikanawa, nikapiga stori na mama ntilie kuhusu bei ya dagaa, wakati nyuma ya ukuta mtu anapiga rangi ya fedha kwenye altaneta ya baba yangu.

Nilirudi nikaikuta imeshafungwa, inang'aa kama sufuria la harusi, na kikaratasi kimebandikwa ubavuni. Boksi tupu la kijani liko chini. Pembeni kuna altaneta kuukuu yenye kutu, "hii ndiyo yako". Nikasema mbona inanuka rangi? Akacheka. "Mpya zote zinanuka hivyo, mkubwa."

Nikageuza ufunguo, taa nyekundu haipo. Nikawasha gari, haipo. Nikawasha taa kubwa, haipo. Nilimpa mkono kwa mikono yangu miwili kama napokea kipaimara.

Jumamosi kwenda Sengerema mchana hakukuwa na shida. Mambo ya huko yalikwenda yalivyokwenda, mjomba ataeleza mwenyewe. Kurudi tumeondoka saa 2 usiku na mvua ikaanza. Nawasha taa, nawasha waipa. Tunakaribia Busisi naona taa za mbele zimekuwa za njano kama kibatari. Waipa zinapanda kama mzee anayepanda ngazi, hazishuki. Shangazi anauliza mbona giza, nikamjibu ni ukungu wa ziwa. Tukaingia darajani, lile jipya la Kigongo-Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Mnaujua urefu wake, kama kilomita 3 za maji kushoto na maji kulia. Gari likaanza kukohoa. Nikapiga honi sijui kwa nini, ikatoa sauti ya chura. Halafu kimya.

Enzi za kivuko ingekuwa afadhali, gari linazimwa watu wanasubiri, nani angejua? Darajani pana taa, kila anayepita anakuona. Mabasi yanapita yanatumwagia maji. Mjomba, mwenye suti yake ya kuposea, akashuka kusukuma. Shangazi wawili wakashuka. Mmoja kiatu kikamvuka kwenye mvua, hatukukiona tena. Askari akaja na tochi akasema hapa si mahali pa kupumzikia, mzee. Mimi ndiye niliyeitwa mzee! Mwisho kuna Canter ya dagaa ikatuonea huruma, ikatufunga kamba, ikatuvuta mpaka Usagara. Tumelala kwenye benchi za gereji ya babu mmoja, tunanuka dagaa, na mjomba hajasema neno hata moja usiku kucha.

Asubuhi yule babu kafungua boneti. Hakugusa kitu kwanza. Akaniambia, "Geuza ufunguo, usiwashe." Nikageuza. "Taa ya chaji iko wapi?" Nikasema kwa kujivuna, imepona, haiwaki tena. Babu akanitazama muda mrefu.

Kumbe taa ile ikigeuzwa ufunguo LAZIMA iwake. Umeme wa kuiamsha altaneta unapitia kwenye globu hiyo hiyo, na injini ikishazunguka altaneta inatoa umeme wake, pande mbili za globu zinalingana, ndiyo inazimika. Isipowaka kabisa, altaneta imelala. Babu akashika soketi ya nyuma ya altaneta akanionyesha: ule waya mwembamba, wa kahawia wenye mstari wa njano, ulikuwa umechomolewa na kukunjwa nyuma, umefungwa selotepu vizuri kabisa. Yule mshenzi hakutengeneza chochote. Aliikata ulimi taa isiniambie. Siku mbili nzima nilikuwa nakula betri.

Babu akaurudisha waya, akaazima betri ya Canter, tukawasha. Taa ikarudi vilevile ya mwanzo, kaa kwenye majivu. Akaweka mita nyuma ya altaneta: volti 14.2. Akaweka kwenye betri: 13. "Altaneta nzima. Volti moja na zaidi inapotea njiani, ndiyo maana globu haizimiki." Akaufuata waya mnene mpaka kwenye swichi ya stata, pale kichwa cha waya kina kutu ya kijani kama ukoga. Akazima, akafungua kamba ya betri, akakwangua kwa msasa, akabadilisha kile kichwa, akakaza. Tukawasha. Taa ikazimika yenyewe, na taa kubwa zikiwa zinawaka. Akadai 15,000.

Ikabaki rangi. Babu akasema mbona altaneta ya Mwingereza imepigwa rangi mpaka kwenye skrubu? Akachukua kisu akakwangua chini, karibu na bolti ya kushikilia. Mnakumbuka mzee alivyokuwa anakwaruza herufi zake kwa msumari kwenye kila spea, tangu alipobadilishiwa kabureta? Zikatokea, M na K, ile K yake yenye mguu mrefu. Nilikaa chini kwenye oili na nguo zile zile za ukweni.

Huyu mtu afungwe. Si faini, afungwe, gereza la Butimba lipo na nafasi haikosekani. Apigwe picha na lile boksi lake la kijani shingoni. Anyang'anywe ovaroli. Mwenye fremu amfukuze, mama ntilie amnyime sato. Mjomba anataka kwenda kwa mganga, mimi nimesema twende polisi kwanza, mganga baadaye tukikwama. Nimempigia simu mara 11, ya kwanza alipokea akaniambia "gari za zamani ndivyo zilivyo, mkubwa". Gari za zamani! Gari hilo lilibeba pamba kabla hajajua kufunga kamba za viatu!

Mtaniuliza mtamjuaje. Anajua sana, anasalimia sana, anakuagiza ukale. Usiondoke gari likiwa wazi, hata kama una njaa. Spea yako ya zamani itie alama, na ichukue mwenyewe. Jina la kwenye simu likiwa si lake, simama hapohapo. Na ukigeuza ufunguo taa ya chaji isiwake, usishangilie kama mimi. Nunua mita, ni bei ndogo kuliko aibu: injini ikiwa imezimwa kama 12.6, ikiwaka inapanda karibu na 14, na upime sehemu zote mbili, kwenye altaneta na kwenye betri. Kuna mwingine alinishauri nichomoe kamba ya betri injini ikiwa inawaka ili kupima, babu amesema hapo ndipo daiodi zinapokufa kweli. Mengine nimesahau, bado nina hasira.

Wenye uzoefu wa kesi za namna hii niambieni, meseji ya muamala inatosha kuwa ushahidi au wanataka na risiti? Risiti hakunipa. Na kama kuna mtu anapita Busisi kwa mguu, upande wa kuja Kigongo, kiatu ni cheusi, cha kushoto, kina kifungo cha dhahabu. Shangazi anakidai.