Kiti cha magurudumu cha kutokea na mzazi: kipi kiwe cha kwanza, kipi cha mwisho

Wengi wanaomnunulia mzazi kiti cha magurudumu hubonyeza mto kwanza, kisha huuliza bei. Mto utabadilishwa wakati wowote. Fremu na magurudumu ndivyo utakavyoishi navyo miaka, na vina watu wawili wa kuridhisha: anayekaa, na yule atakayekisukuma kwenye mwinuko na kukipakia garini.

Hapa namzungumzia mzee ambaye ndani ya nyumba bado anajikongoja na fimbo yake, ila mwendo mrefu umemshinda: kliniki, sokoni, kituo cha basi, uwanja wa ndege. Anayeshinda kwenye kiti kutwa nzima ana mahitaji mengine ya mgongo na ngozi. Huyo apimwe na mtaalamu wa fiziotherapia kabla hujatoa hata senti.

Namba moja: kiti chepesi cha alumini chenye magurudumu makubwa ya nyuma yanayochomoka

Magurudumu yake ya nyuma ni ya inchi 24, yaani kama sentimita 60, na kiti kizima huwa na kilo 11 hadi 15 hivi. Katikati ya kila gurudumu kuna kitufe: ukikibonyeza, gurudumu linachomoka na ekseli yake. Hapo mkononi inabaki fremu iliyokunjwa, nyepesi na nyembamba, inayoingia hata kwenye buti ya gari dogo.

Kwa nini naliweka gurudumu kubwa mbele ya wepesi? Kwa sababu njia nyingi hazina sakafu ya vigae. Gurudumu dogo likikutana na jiwe au ufa linasimama palepale, na mzee anarushwa mbele. Kubwa linapanda na kuendelea. Tena, kwenye kokoto au mchanga unaweza kukiegemeza kiti nyuma, ukainua yale madogo ya mbele yasiguse chini, na uzito wote ukabebwa na magurudumu mawili makubwa. Mbinu hiyo ukiijua, njia nyingi zilizoonekana hazipitiki zitapitika. Kitafute chenye vigurudumu vidogo vya nyuma vya kuzuia kisipinduke, lakini viwe vya kukunjika, maana vikibaki chini vitakukwamisha hapo hapo kwenye ukingo wa njia.

Lipo jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Kwa magurudumu haya mzee mwenye nguvu kiasi mikononi anaweza kujisogeza mwenyewe, akakaribia meza au akageuka kumtazama anayezungumza naye. Asiposubiri kusogezwa kwa kila kitu, mara nyingi hata hamu ya kutoka inarudi.

Namba mbili: kiti cha kusukumwa tu, chenye magurudumu manne madogo

Hiki ndicho kinachouzika kirahisi, kwa kuwa ukikinyanyua dukani unatabasamu: kilo 7 hadi 10. Pia ni chembamba kuliko namba moja, kwa hiyo kinapita kwenye milango myembamba na korido zenye watu. Hospitalini, kwenye viwanja vya ndege na maduka makubwa kinateleza vizuri sana. Toka nje kwenye udongo, nawe utajuta.

Hata hivyo kuna hali ambapo ningekipandisha kiwe cha kwanza bila kusita: pale msukumaji naye ni mzee, mathalani baba anamsukuma mama. Mgongo wa baba ni muhimu kuliko kokoto. Chagua chenye magurudumu ya nyuma ya inchi 12, siyo 8, na breki za kubana kwenye vishikio kama za baiskeli. Bila breki hizo, kwenye mteremko utakuwa unakizuia kiti kwa kifua chako.

Namba tatu: kiti cha umeme kinachokunjika

Kinavutia, na kwa familia fulani ndilo jibu lenyewe: mahali pana vilima, msukumaji hana nguvu, na mzee ana macho na akili timamu za kuendesha. Hilo la mwisho lipimeni kwa ukweli. Mzee anayechanganyikiwa au kusinzia mara kwa mara asipewe usukani.

Kasoro yake ni uzito. Vingi vina kilo 20 hadi 30, na lifti ikiharibika au betri ikiisha, mzigo huo ni wako. Na kama mtapanda ndege, soma maandishi ya betri kabla ya kulipa. Kwa kanuni za usafiri wa anga, betri ya lithiamu ya kiti, ile inayochomolewa, isizidi wati-saa 300 (kipimo cha umeme ambao betri inabeba). Zikiwa mbili, kila moja isizidi 160. Hesabu ni rahisi: zidisha volti kwa ampea-saa. Betri ya volti 24 na ampea-saa 10 ni wati-saa 240, inapita. Ya ampea-saa 20 ni 480, inabaki. Inachomolewa na kusafiri ndani na abiria, na shirika la ndege lazima liarifiwe mapema.

Namba nne: kile cha chuma cha kawaida

Hakina ubaya wowote kikikaa mahali pamoja. Ni imara, fundi yeyote wa kuchomelea anakiweza, na vipuri vyake vinapatikana. Lakini kilo zake 17 hadi 20 za kuingiza na kutoa garini zitakufanya uanze kutafuta visingizio vya kutotoka. Ajabu ni kwamba mtindo wake wa kukunjika kwa vyuma vilivyopishana chini ya kiti, ambao Herbert Everest na Harry Jennings waliutengeneza Marekani mwaka 1933, ulikusudiwa hasa kukiwezesha kiti kuingia kwenye gari.

Vipo pia vya magurudumu matatu, virefu, vya njia mbovu. Vijijini ni vizuri mno, ila vingi havikunjiki vizuri, kwa hiyo sikuvipanga.

Vipimo

Kiti kipana si cha starehe. Mzee anaegemea upande mmoja, na mlango wa choo unakikataa. Mpime nyonga akiwa amekaa, ongeza sentimita 2 au 3 tu. Nyuma ya goti pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu kabla ya ukingo wa kiti. Kumbuka kwamba upana wa nje wa kiti chenye magurudumu makubwa huzidi ule wa kukalia kwa kama sentimita 20, kwa hiyo pima na milango ya nyumbani.

Mikono ya kiti iwe ya kuinuka na viwekeo vya miguu viwe vya kusogea pembeni. Bila hivyo, kumhamishia mzee kwenye siti ya gari ni mieleka. Turubai tupu la kukalia huumiza baada ya muda. Weka mto mzuri, na kila baada ya muda mfupi mwinue au ajisogeze, kwani vidonda vya mgandamizo huanza kimyakimya. Matairi ya upepo ni laini kwenye mashimo lakini hupata pancha. Yale magumu hayana pancha ila mtikisiko wote unamfikia mzee. Kwa safari za kwenda pasipo na fundi karibu, nachukua magumu.

Dukani, atakayekuwa anakipakia akikunje na kukiingiza garini mwenyewe, siyo muuzaji. Kisha mtu mzima akalie, umsukume kwenye mwinuko wowote uliopo, umshushe, ufunge breki katikati ya mteremko. Kiti kikisogea, kirudishe.

Siku ya ndege

Omba msaada angalau saa 48 kabla, na utaje herufi wanazozielewa wenyewe: WCHR kwa anayeweza kupanda ngazi lakini si kutembea mwendo mrefu, WCHS kwa asiyeweza ngazi, WCHC kwa anayehitaji kufikishwa hadi kwenye siti yake. Uliza kama kiti chenu kinaweza kwenda hadi mlangoni mwa ndege na kurudishwa hapohapo mkishuka. Kipige picha pande zote kabla ya kukikabidhi. Mto na viwekeo vya miguu vichomoe uingie navyo ndani, maana kinachochomoka kirahisi ndicho kinachopotea huko chini.