Vitabu vya Kifaransa vya mamie na wajukuu: nilichokiona nikivisoma kwa sauti

Kabla hujanunua kitabu cha mamie, yaani bibi au nyanya kwa Kifaransa, fungua ukurasa wa katikati utazame vitenzi. Jalada halikwambii kitu, maana yote yanafanana: nywele nyeupe, miwani, paka, mtoto amekumbatiwa. Ukikuta elle prit, il alla, ils mangèrent, hiyo ni passé simple, njeo ya wakati uliopita ya vitabuni ambayo Mfaransa haitumii akiwa jikoni kwake. Mtoto aliyefundishwa il est allé (alienda) atadhani alla ni neno geni. Ukimsomea wewe si taabu: picha zinambeba, na baada ya kurasa nne sikio limeshazoea. Akisoma mwenyewe anakwama mstari wa pili. Kwa anayeanza kusoma, mimi huchukua hadithi iliyo katika wakati uliopo, isiyozidi mistari minne kwa ukurasa.

Kikwazo kingine ni barua. Mamie wa vitabuni hupenda kuandika: postikadi, orodha ya sokoni, maelezo ya mapishi. Wachoraji huyaweka hayo kwa mwandiko wa kuunganisha herufi, kwa kuwa ndio unaofundishwa katika shule za Ufaransa tangu mtoto akiwa mdogo. Aliyezoea herufi za chapa anaduwaa mbele ya r na z, na herufi kubwa zenye vikonyo ndiyo kabisa. Huwa naandika maneno yale yale kwa chapa kwenye kikaratasi na kukibandika pembeni. Kinabanduliwa akishazoea.

Mapishi ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayoharibika zaidi. Keki utakayokutana nayo mara nyingi ni gâteau au yaourt, ambayo mtoto anaipima kwa kikopo kile kile cha mtindi: mtindi kikopo 1, sukari 2, unga 3, mafuta nusu kikopo, mayai 3, na un sachet de levure, yaani kipaketi cha levure. Inaokwa kwa nyuzi 180 kama nusu saa, au zaidi kidogo. Kikopo kinachokusudiwa ni cha gramu 125, na kitabu hakihangaiki kusema hivyo kwa sababu Ufaransa ndicho kikopo cha kawaida. Ukipimia kikopo cha gramu 250, kila kitu kinakuwa maradufu isipokuwa mayai na kile kipaketi, na keki inatoka nzito, kavu, imegoma kuumuka. Ama ongeza mayai yawe 6 na kipaketi kiwe viwili, ama jaza nusu kikopo kila mara. Halafu kuna hiyo levure. Kamusi itakwambia hamira. Ukitia hamira ya mkate na kupeleka moja kwa moja kwenye oveni, umeoka tofali. Kinachotakiwa ni levure chimique, yaani beking pauda, gramu 11, sawa na vijiko viwili na nusu vya chai hivi.

Ukifasiri papo hapo, liache neno mamie lilivyo. Bibi linafaa Tanzania, lakini Mkenya na Mkongo wengi watasikia mke wa mtu. Nyanya linafaa Kenya, na Mtanzania anaona kachumbari. Mémé, neno jingine la Kifaransa la bibi, ni la kizamani, lina harufu ya shamba. Bonne-maman, nalo la maana hiyo hiyo, ni la familia zenye nafasi. Salamu nazo: mjukuu anaingia na Salut mamie! na kumwita kwa neno tu la Kifaransa, yaani "wewe" ya watu waliozoeana, bila utovu wowote wa adabu. Kwa Kiswahili huwa naweka shikamoo, la sivyo watoto wanacheka pasipo na kichekesho. (Utani wetu wa bibi kumwita mjukuu "mume wangu" usiutafute humo, haumo.)

Watoto huuliza pia kwa nini mjukuu yuko kwa mamie siku ya Jumatano badala ya shule. Jumatano ndiyo siku ambayo kwa desturi watoto wa shule za msingi Ufaransa hupumzika. Hadi 1972 ilikuwa Alhamisi, kwa hiyo ukiona jeudi katika kitabu cha zamani, si kosa la chapa.

Sasa vile vya huzuni. Vitabu vingi vya mamie vinahusu kusahau au kifo, na nyuma ya jalada hawasemi waziwazi. Wanasema tendre (cha upole), sensible (cha hisia), souvenirs (kumbukumbu). Nikiona tendre naanzia ukurasa wa mwisho. Angalia hasa namna wanavyotaja kifo: kitabu kinachosema elle est partie (ameondoka) kitaleta swali "atarudi lini?", na utalijibu mwezi mzima. Nachagua kinachosema elle est morte (amekufa). Na ule mstari unaotaja sheria ya Ufaransa ya tarehe 16 Julai 1949, ulio mwishoni mwa kitabu, usiuchukulie kama muhuri wa ubora. Ni tamko la lazima kwa vitabu vya watoto, na haukwambii kinamfaa mtoto wa umri gani.

Usihangaike kulinganisha bei za vitabu vipya. Tangu sheria ya Ufaransa ya 1981 bei hupangwa na mchapishaji, na duka haliruhusiwi kupunguza zaidi ya asilimia 5. Ndani ya Ufaransa, vitabu vipya vya chini ya euro 35 vinavyopelekwa nyumbani hulipiwa usafirishaji usiopungua euro 3, hivyo agiza kadhaa kwa pamoja. Nafuu ya kweli iko kwenye toleo la jalada laini, ambalo lina hadithi ile ile ila maandishi ni madogo na mgongo hulegea upesi, au kwenye mitumba. Vilivyotolewa maktaba navipenda: vina mihuri, lakini vimevikwa plastiki. Hesabu kurasa kabla ya kulipa, na uanze na ile ya mapishi, maana ndiyo watu hukata na kubaki nayo.