Michezo ya Mezani ya Anga za Juu na Mwezi: Ipi Inunuliwe Kwanza

Maboksi ya michezo ya mezani yenye picha za roketi, sayari na mashimo ya Mwezi yamekuwa mengi kiasi kwamba picha pekee haziwezi tena kumsaidia mnunuzi kuamua. Mwongozo huu unaipanga michezo hiyo kwa kigezo kimoja kikuu: je, anga imo ndani ya kanuni zenyewe, au imepakwa tu juu ya mchezo ambao ungeweza kuhusu bandari, shamba au soko bila kubadilika? Baada ya hapo ndipo yanapofuata maswali ya kawaida ya idadi ya wachezaji, muda walio nao, na wingi wa maandishi kwenye kadi, kwa kuwa mchezaji asiyeielewa lugha ya kadi zake huwachelewesha wenzake na mwishowe huchoka.

Mfano ulio wazi wa anga ya kupakwa ni Skymines wa Alexander Pfister, uliotoka mwaka 2022, ambamo wachezaji hununua hisa za kampuni nne zinazoshindana kuchimba Mwezi. Kiini chake ni kile kile cha mchezo wake wa awali, Mombasa wa mwaka 2015, uliochezwa juu ya ramani ya Afrika ya enzi za ukoloni. Wengi wetu tulifurahi kuiona mada ile ikiachwa. Hata hivyo, kama bara zima liliweza kuondolewa na Mwezi ukawekwa mahali pake bila mchezo kutetereka, ni dhahiri kwamba Mwezi wenyewe haufanyi kazi kubwa humo. Apendaye hesabu za hisa na mipango ya muda mrefu ataufurahia, ila anayetaka kujiona yuko Mwezini atafute kwingine.

Nafasi ya kwanza naipa The Search for Planet X, wa Ben Rosset na Matthew O'Malley, uliotolewa mwaka 2020 kwa mchezaji 1 hadi 4, nao humalizika kwa takriban saa moja. Chimbuko lake ni dhana ya kisayansi iliyopo kweli: mwaka 2016 wanaastronomia Konstantin Batygin na Mike Brown walipendekeza kwamba mizunguko isiyo ya kawaida ya baadhi ya magimba yaliyo mbali na Jua inaweza kuelezwa na sayari kubwa ambayo bado haijaonekana. Katika mchezo, mbingu imegawanywa katika sehemu 12, au 18 kwa waliobobea, na kila sehemu ina kitu kimoja au iko tupu. Kometi hukaa katika sehemu zenye namba tasa tu, kila asteroidi huwa jirani na asteroidi nyingine, na kila wingu la gesi hupakana na sehemu iliyo tupu kweli. Ugumu ni kwamba sayari inayotafutwa nayo huonekana tupu kwenye darubini. Mchezaji akiuliza kuna asteroidi ngapi kuanzia sehemu ya 3 hadi ya 6 na akajibiwa kuwa ni moja, hapo hapo anajua kwamba asteroidi hiyo iko ukingoni mwa eneo alilopekua, yaani katika sehemu ya 3 au ya 6, kwa kuwa mwenzake lazima awe nje ya eneo hilo. Furaha ya mchezo huu imo katika kupatanisha majibu ya namna hiyo, na karatasi ya kumbukumbu hujaa alama za penseli mapema sana.

Jambo jingine linaloupandisha ni kwamba upekuzi hugharimu muda, na muda unavyopita ndivyo nusu ya mbingu inayoonekana inavyosogea, hivyo mchezaji hawezi kupekua popote apendapo wakati wowote. Maswali yote hujibiwa na programu ya simu inayopatikana bure, nayo humruhusu kila mchezaji kuchagua dokezo nyingi au chache mwanzoni, jambo linalomwezesha kijana kushindana na mtu mzima bila yeyote kupendelewa waziwazi. Asiyetaka simu mezani ajue mapema kwamba bila programu hiyo boksi halina faida kwake. Ajue pia kwamba wachezaji huweza kukaa kimya kwa muda mrefu, kila mmoja akiwa ameinamia karatasi yake.

Ya pili ni The Crew: The Quest for Planet Nine, ya Thomas Sing, iliyotolewa na KOSMOS mwaka 2019 na kupata tuzo ya Kennerspiel des Jahres nchini Ujerumani mwaka 2020. Ikiwa bajeti ni ndogo, ianze hii, kwa maana ni pakiti ya karata 40 na vidude vichache ndani ya boksi dogo. Aliyewahi kucheza karata za turufu ataielewa upesi: kuna rangi nne zenye namba 1 hadi 9, kuna roketi nne ambazo ndizo turufu, na kila mtu sharti afuate rangi iliyotangulia ikiwa anayo. Tofauti ni kwamba wachezaji wote wako upande mmoja, na kila misheni huamua nani lazima ale karata ipi. Hairuhusiwi kusema ulichonacho mkononi. Katika misheni nyingi kila mchezaji huweza kuonyesha karata moja tu ya rangi, huku akiweka alama kwamba hiyo ndiyo ya juu kabisa, ya chini kabisa au ya pekee aliyo nayo katika rangi ile, na katika baadhi ya misheni hata alama hiyo hukatazwa kwa sababu mawasiliano ya redio yamevurugika. Hapo ndipo anga inapoingia katika kanuni, ingawa nakiri kwamba simulizi yenyewe ni nyepesi. Misheni ziko 50, kila moja huchukua takriban dakika 20, na wachezaji wanaofaa zaidi ni watatu hadi watano; kanuni za watu wawili zipo, lakini ladha hupungua. Toleo lililofuata, lililohamia vilindi vya bahari, linasifiwa na wengi kuwa bora zaidi, na anayejali mchezo kuliko nyota anaweza kulichukua hilo.

Terraforming Mars, kazi ya Jacob Fryxelius wa Uswidi iliyotoka mwaka 2016, naiweka ya tatu, na wapo watakaosema nimeionea. Wachezaji 1 hadi 5 huongoza makampuni yanayoifanya sayari ya Mirihi ikalike: joto lipande kutoka nyuzi 30 chini ya sifuri hadi nyuzi 8, oksijeni ifike asilimia 14, na vigae 9 vya bahari viwekwe ubaoni. Malengo yote matatu yakitimia, mchezo unaelekea ukingoni. Zaidi ya kadi 200 za miradi, kila moja tofauti na nyingine, huifanya sayari ionekane ikibadilika kwa sababu zinazoeleweka, kwani gesi ya kuongeza joto huongeza joto na mimea huzaa oksijeni. Tatizo liko kwenye vifaa. Katika toleo la kawaida kibao cha kila mchezaji ni karatasi nyembamba iliyo laini, na vichemraba vinavyohesabu mapato hukaa juu yake bila kizuizi, hivyo mkono wa shati ukipita vibaya, mapato ya saa nzima yanayumba. Yeyote anayeununua atenge fedha za vibao vyenye vishimo, vinavyouzwa kando. Muda wa saa mbili ulioandikwa kwenye boksi uchukuliwe kuwa wa waliokwisha kuzoea, na wasioielewa lugha ya kadi watapata taabu kuliko katika mchezo mwingine wowote uliotajwa hapa.

Kwa watu wawili wenye nusu saa, Star Realms ya mwaka 2014 inatosha kabisa. Ni pakiti moja ya karata ambamo kila mmoja huanza na karata 10 dhaifu, hununua vyombo vya vita vyenye nguvu zaidi, na hujitahidi kuyamaliza mamlaka 50, yaani pointi za uhai, ya mpinzani wake. Anga yake ni mapambo, lakini kwa bei na ukubwa wake kasoro hiyo inasameheka.

Anayetaka Mwezi hasa, na safari ya kuufikia, anufaike na Leaving Earth wa Joseph Fatula, wa mwaka 2015, ambao huanza mwaka 1956 na kuwapa wachezaji hadi 1976 kupeleka vyombo na wanaanga nje ya Dunia. Mchezaji hupiga hesabu halisi ya uzito na msukumo kabla ya kurusha, na kila teknolojia mpya huja na kadi za matokeo zilizofunikwa, baadhi zikiwa za kushindwa, ili majaribio yasiyo na mtu yawe na maana. Hakuna mchezo mwingine katika mwongozo huu unaokidhi kigezo changu kiasi hiki. Naushusha kwa sababu mbili tu: hesabu hizo huwachosha wengi, na kuupata dukani si rahisi.

Wenye watoto wa miaka 7 na kuendelea wachukue Mole Rats in Space wa Matt Leacock, ambao baadaye uliuzwa kwa jina la Space Escape. Fuko wa angani hukusanya vifaa vyao na kukimbilia chombo cha kujiokoa huku nyoka wakivamia kituo, na wote hushinda au hushindwa pamoja.

Yapo pia maboksi makubwa yanayovutia macho, na hapa nashauri subira. Twilight Imperium, toleo la nne la mwaka 2017, huhitaji watu 3 hadi 6 na saa 4 hadi 8. Usinunuliwe kabla ya kuwa na watu watano waliokwisha kukubali kukaa siku nzima. Kwa kundi kubwa linalopenda mabishano, Cosmic Encounter, uliotokea mara ya kwanza mwaka 1977, hutoa vurugu zile zile za miungano na usaliti kwa muda mfupi zaidi, kwa kuwa kila mchezaji ana uwezo unaovunja kanuni fulani, na washirika wanaweza hata kushinda pamoja.

Kwa anayenunua uliokwisha kutumika, orodha ya vifaa kwenye kijitabu cha kanuni ihesabiwe mbele ya muuzaji. Katika The Crew karata moja ikikosekana mchezo mzima umekufa, wakati Terraforming Mars yaweza kupoteza vichemraba kadhaa bila yeyote kugundua. Migongo ya karata itazamwe kwenye mwanga, maana karata iliyopinda au kuchujuka hutambulika ikiwa bado mkononi mwa mwenzako. Nyongeza, hata zikiuzwa pamoja kwa punguzo, ziachwe hadi mchezo wa msingi uchezwe mara za kutosha kiasi kwamba wachezaji wenyewe waanze kuziulizia.