Slasha ya trekta kwa shamba la ekari sita: kwa nini nilichukua ya futi tano

Shamba letu liko tambarare, chini ya barabara kuu kati ya Moshi na Bomang'ombe. Ni ekari sita: tatu na nusu ni parachichi za Hass, zilizobaki ni majani ya ng'ombe. Mvua ya Aprili ikishika, nyasi kati ya mistari ya parachichi hufika kiunoni ndani ya wiki chache. Vibarua watano wenye mafyekeo walikuwa wakimaliza upande mmoja, kule walikoanzia kumeshaota tena. Masika ya mwaka juzi nililipa mara tatu kwa kazi ile ile, na mara ya tatu nikaamua kwamba mwaka unaofuata nitakuwa na slasha ya trekta, ile mashine ya kufyeka yenye visu vinavyozunguka, inayofungwa nyuma ya trekta.

Watu waliniuliza kwa nini nisipitishe haro tu, lile jembe la diski la trekta. Haro tunayo, aliiacha marehemu baba pamoja na trekta yake, Massey Ferguson 135. Ila mizizi inayoulisha mparachichi iko juu juu, mingi yake haizidi sentimita 30 kwenda chini, na diski ikipita inaikatakata. Kila jeraha ni mlango wa Phytophthora, ule ugonjwa wa kuoza mizizi: mti unaanza kunyong'onyea, majani yanapauka, kisha matawi ya juu yanakauka. Nilipoteza miti minne kabla sijaelewa kinachoniulia. Nyasi ikifyekwa na kuachwa pale pale inafunika udongo, inashika unyevu wakati wa kiangazi, na mvua kubwa haiuchukui udongo kuupeleka mfongoni, yaani kwenye mfereji wa maji.

Kabla ya kununua niliazima kwa mzee jirani yangu, ya futi sita. Siku ya kwanza ilikata vizuri mpaka roho yangu ikatulia. Siku ya pili kisu kikagonga kisiki cha mgunga kilichojificha kwenye nyasi. Tulisikia mlio mmoja mzito, visu vikasimama, shafti inayotoka kwenye trekta ikaendelea kuzunguka. Meno ya gia yalikuwa yamevunjika. Dereva alipokagua shafti akakuta mahali pa bolti ya kukatika pamewekwa bolti ngumu, kichwani imeandikwa 10.9. Namba hizo ndizo zinazoonyesha ugumu: 4.6 ni laini, 8.8 ni ngumu, 10.9 ni ngumu zaidi. Bolti ya pale inatakiwa ikatike visu vinapogonga kitu kizito, ili nguvu isifike kwenye gia boksi, kile kisanduku cha gia zinazozungusha visu. Kuna mtu aliona inakatika kila mara, akaweka isiyokatika. Gia nilinunua mimi, maana mashine iliharibikia mkononi mwangu na yule mzee ni kama baba kwangu. Tangu siku hiyo, kila slasha niliyoonyeshwa nilianza kuikagua kwenye shafti, ndipo nikauliza bei.

Nilizunguka maduka ya Moshi, nikaenda Arusha, na Agosti nikaingia viwanja vya Nane Nane Njiro. Muuzaji mmoja aliniambia, "Mama, chukua ya futi saba, kazi inaisha mara moja." Nikamuuliza gia boksi yake inabeba hosipawa ngapi. Akarudi kwenye bei. Nikamuuliza tena, akaniambia nisiwe na wasiwasi. Niliondoka.

Kuhusu upana, hesabu ya mafundi ni hosipawa tano za PTO (ile shafti ya nyuma ya trekta inayozungusha mashine) kwa kila futi moja ya slasha kama unakata nyasi, na zaidi ya hapo kama una vichaka vya shina nene. Injini ya 135 ina kama hosipawa 45, lakini kwenye shafti ya PTO nyuma unapata 37 au 38 hivi, na hiyo ni trekta yenye afya. Kwa karatasi, futi sita inahitaji 30, kwa hiyo ingetosha. Shambani ilikuwa habari nyingine. Tukipanda ukingo wa mfongo huku slasha ya jirani imenyanyuliwa, tairi za mbele zilikuwa zinaelea na usukani unakuwa mwepesi kama wa mtumbwi. Dereva wetu ni kijana mtulivu sana, lakini siku hiyo alishuka akaniambia, "Mama, hii hapana." Tena miti yangu nimepanda mita saba kwa saba, na matawi yameshajaza nafasi. Mashine pana ingekuwa inavunja matawi ya chini kila inapokata kona.

Basi nikachukua futi tano, yaani sentimita 152. Tairi za nyuma za trekta yetu, kutoka ukingo hadi ukingo, ni sentimita 165. Hapo wengi hawapimi, halafu wanashangaa kuona mistari miwili ya nyasi iliyolazwa na tairi bila kukatwa. Nilitafuta ile ambayo sehemu ya kufungia kwenye trekta inaweza kusogezwa pembeni. Tukaisogeza sentimita 15, upande wa kulia sasa unatokeza nje ya tairi, na tunazunguka kila mstari kwa mkono wa kulia.

Mwishoni nilibaki na mbili. Moja ilikuwa nyepesi, bati la milimita 3, haina minyororo ya kuzuia mawe mbele wala nyuma. Ya pili ilikuwa na bati la milimita 5, gia boksi iliyoandikwa hosipawa 40, minyororo pande zote mbili, na chini ya visu kuna sinia la chuma lililobinuka linaloteleza juu ya kisiki badala ya kukivaa. Tofauti ya bei ilikuwa bei ya mtamba mmoja mzuri. Kaka yangu alinishauri nichukue ya bei nafuu na mtamba niununue. Nililala na hilo wazo wiki mbili.

Kilichoniamulia ni minyororo. PTO inazunguka mara 540 kwa dakika, na gia boksi ya slasha hii inaongeza mizunguko mpaka karibu 1,000. Ncha ya kisu iliyo kwenye duara la mita moja na nusu inakuwa inakwenda zaidi ya kilomita 250 kwa saa. Sasa fikiria ardhi yetu hii, mawe kila hatua, na jiwe la ukubwa wa ngumi likutane na kisu hicho. Watoto wa shule hukatiza shambani kwangu saa nane mchana. Minyororo haizuii kila kitu, lakini inapunguza sana kinachoruka. Hata hivyo tunafyeka asubuhi tu, na mtu yeyote asiyehusika anakaa mita 100 mbali. Sibishani na mtu juu ya hilo.

Shafti nayo ina habari yake. Iliyokuja na mashine ilikuwa ndefu kwa trekta yetu. Ungeifunga hivyo hivyo na kunyanyua slasha, bomba la ndani lingefika mwisho na kusukuma, ama sili za gia boksi (zile pete za kuzuia oili isivuje) zipasuke au PTO ya trekta yenyewe iumie. Fundi alinyanyua na kushusha slasha, akapima pale ambapo umbali ni mfupi kabisa, akakata kwa msumeno wa chuma sentimita 8 kwenye bomba la ndani na 8 kwenye la nje, na kava zake za plastiki vivyo hivyo, kisha akapiga tupa na kupaka grisi. Alihakikisha pia kwamba slasha ikiwa chini, mabomba yanaingiliana angalau theluthi ya urefu wake. Ilichukua asubuhi nzima na nilimlipa kwa moyo mweupe.

Kava hizo, muuzaji alitaka kuniletea shafti isiyo nazo. Nilikataa gari likiwa limeshapakia. Mizunguko 540 kwa dakika ni mizunguko tisa kwa sekunde. Sisi wanawake tunakwenda shambani na khanga kiunoni. Upindo ukigusa krosi inayozunguka, kile kiungo cha shafti, hakuna muda wa kupiga kelele. Shafti ikifunguliwa kava hapa kwetu, trekta haiwashwi.

Kwa mwenye trekta kuukuu yenye klachi ya hatua moja, kuna jambo la kuongeza. Visu vikishashika kasi ni vizito, vinageuka kuwa kama flaiwili, gurudumu zito lisilosimama upesi. Ukikanyaga klachi usimame, vyenyewe vinairudishia gia nguvu na trekta inaendelea kwenda. Mzee jirani nusura aingie mfongoni kwa sababu hiyo. Dawa ni kifaa kinachofungwa kwenye PTO, kinafanya kazi kama friwili ya baiskeli: trekta inazungusha visu, visu haviwezi kuizungusha trekta. Trekta yetu ina klachi ya hatua mbili, ukikanyaga nusu trekta inasimama na PTO inaendelea, hivyo sikukihitaji.

Nimeitumia masika mawili sasa. Parachichi zote tunamaliza kwa saa tatu mpaka nne, gia ya chini, na dereva anaweka mizunguko kwenye alama ya 540 bila kuishusha hata nyasi ikiwa nyepesi, maana visu vikipungua kasi vinararua badala ya kukata. Mbele tunaiweka chini kuliko nyuma kwa sentimita mbili hivi, tunarekebisha kwa topu linki, ile fimbo ya juu inayounganisha slasha na trekta. Visu hatuvinoi vikawa kama wembe. Ukingo mkali sana unamegeka kwenye mawe. Tunavinoa vibaki na unene kidogo, na vyote viwili uzito sawa, la sivyo mashine inatetemeka mpaka nati zinalegea. Bolti za kukatika zimekatika tano hadi leo. Ninazo nyingine kwenye kopo chini ya kiti, za namba ile ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine, na kubadilisha ni dakika kumi.

Isiyonifurahisha ni tairi dogo la nyuma: mhimili wake ulilegea mwezi wa kwanza, ikabidi tuongeze kipande cha chuma na kuchomelea. Sili ya chini ya gia boksi nayo ilianza kuvuja oili msimu wa pili. Tulipochelewa kuiona, oili ilikuwa imeshuka nusu. Sasa tunapima kila siku kabla ya kazi, na tunaongeza oili ya gia ya 80W-90 ikibidi. Nyasi zikiwa na umande zinaganda chini ya bati, kwa hiyo tunasubiri jua lipande kidogo.

Usiinunue kwa ajili ya majani ya ng'ombe. Inayasagasaga na kuyachanganya na udongo. Ya kulisha bado tunakata kwa mkono. Na gugu karoti haliuwi. Ukilikata linachipua tena kutoka chini, na ukilikata likiwa na mbegu umelipanda shamba zima. Hilo tunang'oa kwa mkono, glovu ndefu, kabla halijatoa maua, kisha ndipo slasha inapita.

Wiki iliyopita mzee jirani alikuja kuniomba slasha, yake gia bado zinamsumbua. Nimemwambia, "Baba, nitaileta Jumamosi, ila iende na dereva wangu na kopo lake la bolti." Amekubali, na ameahidi kupita shambani kwanza na wajukuu kuokota mawe na kuweka vijiti kwenye visiki vyote.