Mafundisho ya ubatizo kwa wazazi na wasimamizi mjini Kisumu: tathmini ya mshiriki

Kanuni namba 851 ya Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 inaagiza kwamba wazazi wa mtoto atakayebatizwa, pamoja na wasimamizi wake, wafundishwe ipasavyo maana ya sakramenti hiyo na wajibu unaoandamana nayo. Mara nyingine agizo hilo huishia kuwa maelezo mafupi kuhusu mahali pa kusimama na wakati wa kuwasha mshumaa. Mafundisho niliyohudhuria katika parokia moja ya mjini Kisumu, nikiwa msimamizi wa mpwa wangu, yalikwenda mbali zaidi, kwa kuwa katekista aliyeyaongoza alianza na swali ambalo wengi wetu tulikuwa tunaliogopa: je, maji haya yanaokoa?

Alitusomea Matendo ya Mitume 2:38, ambapo Petro anawaambia watu watubu na kubatizwa ili wapate ondoleo la dhambi, kisha akatukumbusha kuwa kila Jumapili tunaposali Kanuni ya Imani ya Nisea tunaungama ubatizo mmoja wa maondoleo ya dhambi. Kabla hatujaridhika na jibu hilo, alitupeleka kwenye sura ya 10 ya kitabu hichohicho. Huko Roho Mtakatifu anawashukia Kornelio na jamaa yake kabla hawajaguswa na tone la maji, na bado Petro anaagiza wabatizwe. Mbele ya sura hizo mbili, anayedai kwamba ubatizo ni ishara tupu anapata shida, na anayeufanya kuwa kama hirizi anapata shida vilevile. Sijawahi kusikia jambo hilo likifundishwa kwa uwazi namna hiyo katika ukumbi wa kanisa.

Kilele cha mafundisho hakikuwa katika ratiba. Mama mmoja aliyeolewa hapa kutoka Vihiga aliinua mkono, akasema, "Mwalimu, samahani, mama yangu alizaliwa Rafiki na akafa Rafiki. Hakubatizwa kwa maji hata siku moja. Mnaniambia yuko wapi?" Katika eneo letu swali hilo si la kubuni, kwa sababu Marafiki, yaani Wakristo wa dhehebu la Wakweka (Quakers), walifika Kaimosi, huko Vihiga, mwaka 1902, wakaenea magharibi mwa Kenya, nao huamini ubatizo wa ndani, ule wa Roho, bila kutumia maji. Katekista hakukimbilia maneno ya faraja. Alimjibu, "Mama, sisi tumeagizwa kubatiza, na hatuna ruhusa ya kulipuuza agizo hilo. Lakini Mungu hafungwi na maji." Kisha akafungua Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1257, inayofundisha kwamba Mungu ameufungamanisha wokovu na sakramenti ya ubatizo, lakini yeye mwenyewe hafungwi na sakramenti zake. Akataja ubatizo wa tamaa, wa mtu anayeutamani ubatizo lakini akafa kabla ya kuupata, na ubatizo wa damu, wa anayeuawa kwa ajili ya imani kabla hajabatizwa, akamtaja pia mhalifu aliyeahidiwa paradiso msalabani. Kuhusu watoto wachanga wanaofariki kabla ya kubatizwa, alisema Kanisa huwakabidhi kwa huruma ya Mungu, na hakutaka kuongeza neno. Nilimheshimu zaidi kwa kunyamaza hapo.

Suala la maji mengi, yaani kuzamishwa mwili mzima, ambalo jirani zetu Waadventista na Wapentekoste hutuhoji kila mara, lilipewa dakika chache tu, na naona zilitosha. Alieleza kwamba Didake, mwongozo wa Kikristo wa kale sana, unataka maji yanayotiririka, lakini pale yanapokosekana unaruhusu kumwagia maji kichwani mara tatu. Hata hivyo, hoja yao nzito haihusu wingi wa maji bali imani ya anayebatizwa, na hiyo aliijibu kwa kusema tu kuwa mtoto hubatizwa katika imani ya Kanisa. Mpentekoste asingeridhika na jibu hilo, na sidhani kama alipaswa kuridhika.

Upungufu mkubwa ulikuwa katika somo la msamaha baada ya ubatizo. Ikiwa ubatizo unaondoa dhambi zote, na haurudiwi, dhambi ya kesho inakwenda wapi? Wakristo wa karne za mwanzo walilichukulia swali hilo kwa uzito kiasi kwamba baadhi yao waliahirisha ubatizo hadi uzeeni. Kaisari Konstantino mwenyewe alibatizwa mwaka 337 akiwa karibu kufa. Jibu la Kikatoliki ni sakramenti ya kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padre na kusamehewa, nalo lilitajwa kwa sentensi moja huku watu wakikusanya vitu vyao na wengine wakiwa wameshafika mlangoni. Msimamizi anayeahidi kumlea mtoto katika imani anahitaji kulijua hilo kuliko anavyohitaji kujua rangi ya kitambaa.

Kwa upande wa huduma yenyewe, hakuna ada. Mshumaa na kitambaa cheupe kila familia hujinunulia. Mafundisho hutolewa kwa Kiswahili, na Kidholuo huingia pale wazee wanapohitaji ufafanuzi, ingawa mtu aliyetoka Vihiga au Kakamega huachwa nyuma kidogo katika nyakati hizo. Nakala za maelezo zilikuwa hafifu kiasi cha kutosomeka. Ninawashauri wazazi waende pamoja na wasimamizi wao badala ya kutuma mwakilishi, na ninaiomba parokia ihamishe somo la kitubio liwe la kwanza mchana, kabla watu hawajaanza kuwaza matatu za kurudi nyumbani.